Likizo ya kupiga mbizi Mafia: anzeni kuhesabu kutoka siku ya kurudi

Msomaji wetu ameniandikia mimi, mwalimu wa kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa:

"Assalaam alaykum mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Iringa. Mwaka huu mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tumepata ofa ya hoteli ya wapiga mbizi kisiwani Mafia, siku nne mwezi Juni, kuanzia Alhamisi: ndani yake kuna kozi ya kujifunza na mbizi sita, ya mwisho Jumapili asubuhi. Alasiri hiyo hiyo tunapanda ndege kwenda Dar, na usiku tunachukua basi la Iringa ili mume wangu aingie kazini Jumatatu. Mimi naogelea kidogo. Mwenzangu anaogelea vizuri, ila utotoni alikuwa na pumu. Navaa hijabu na nywele nasuka. Je, siku hizo zinatosha? Na ni salama? Pesa hii tumeichanga mwaka mzima."

Wa alaykum salaam, na marahaba dada. Hongereni kwa miaka kumi, wewe na shemeji. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limekwama pale pale: mbizi ya Jumapili asubuhi, ndege ya alasiri, basi la usiku. Mengine yote uliyoyauliza yanazungumzika. Hilo halizungumziki, kwa hiyo naanza nalo.

Hewa iliyo kwenye mtungi wa mpiga mbizi ni hii hii tunayovuta hapa juu, imeshindiliwa tu. Sehemu yake kubwa, asilimia 78, ni nitrojeni. Huku juu nitrojeni inaingia na kutoka mapafuni bila kutusumbua. Chini ya maji mambo hubadilika, kwa sababu kila mita 10 za kina huongeza shinikizo linalolingana na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ukiwa mita 10 unabeba mara mbili ya ulichozoea, ukiwa mita 20 mara tatu. Shinikizo hilo huisukuma nitrojeni ndani ya damu, misuli, mafuta na viungo, nayo hukaa humo kama gesi ilivyokaa ndani ya soda iliyofungwa. Ukipanda taratibu, inatoka kupitia pumzi. Ukipanda haraka, au ukienda mahali penye hewa nyepesi kabla haijaisha, inafanya kama soda uliyoitikisa ndani ya basi kisha ukafungua kifuniko kwa pupa. Tofauti ni kwamba hapa mapovu yanatokea ndani ya viungo vyako, na yakikosea njia, ndani ya uti wa mgongo.

Sasa tazama safari yenu. Mnatoka majini saa tano asubuhi. Saa tisa mko hewani, katika ndege ndogo ambayo kwa kawaida haina shinikizo la kabini kama ndege kubwa. Saa nane usiku basi linapanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa, mji ulio takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Wataalamu wa afya ya wapiga mbizi wanashauri msubiri saa 12 kabla ya kuruka mkipiga mbizi moja tu, na saa 18 mkipiga mbizi kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Mimi nawaambia wageni wangu saa 24, nao huishika vizuri kwa sababu ni siku nzima. Na kupanda mlima kwa gari nakuhesabu kama kuruka, maana mwili haujui kama umeinuliwa na injini ya ndege au ya basi. Ukivuka mita 300 tu, tayari umeingia kwenye hesabu hiyo.

Utaniuliza tofauti ya Iringa na pwani ni kubwa kiasi gani. Ukiigeuza iwe maji, ni kama kina cha mita moja na nusu na ushei. Inaonekana kitu kidogo. Lakini mtu aliyetoka kwenye mbizi ya sita ndani ya siku tatu ameshafika ukingoni. Mara nyingi ana vipovu vidogo ambavyo mwili unavimaliza kimyakimya bila yeye kujua. Mpunguzie shinikizo kidogo wakati huo, navyo vinavimba.

Haya mimi sikuyasoma kitabuni tu; yamenikuta. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilikuwa pwani ya Pangani. Asubuhi moja nilipiga mbizi tatu na wageni, na mchana nikapigiwa simu ya msiba Lushoto. Msiba hausubiri. Nikaoga, nikapanda gari la Mombo, jioni tukaanza kupanda mlima. Tulipofika Soni bega la kushoto likaanza kuuma ndani kabisa, maumivu yasiyo na mahali pa kushika: ukilikanda hayapungui, ukibadilisha mkao hayapungui. Nikadhani ni mitungi niliyobeba asubuhi. Usiku vidole viwili vikafa ganzi. Katika zahanati moja nikapewa dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu, nami sikumwambia mganga kwamba siku ile nilikuwa chini ya bahari, kwa sababu sikuona vinahusiana vipi. Nilichohitaji ni kulazwa chali, kuvuta oksijeni tupu, kunywa maji na kupelekwa kwenye chemba ya shinikizo, chumba kinachourudishia mwili shinikizo kisha kulipunguza taratibu. Nilishuka siku iliyofuata, ganzi ikatoka baada ya siku nne. Nilipona kwa rehema ya Mungu, na tangu hapo kila mgeni namwuliza kwanza anarudi lini na anaishi wapi. Mtu wa Mbeya, Arusha, Iringa au Nairobi hana likizo sawa na ya mtu wa Mtwara.

Ndiyo maana nasema likizo ya namna hii hupangwa kutoka mwisho kuja mwanzo. Weka kwanza saa ya ndege. Rudi nyuma siku moja nzima: hapo ndipo mbizi ya mwisho inapokoma. Zinazobaki ndizo siku zenu za maji. Kwenye ofa hiyo, Alhamisi ni ya kusafiri na Jumapili ni ya kupumzika, kwa hiyo mna Ijumaa nzima na Jumamosi hadi adhuhuri. Siku moja na nusu.

Siku moja na nusu haitoshi kozi. Kozi ya kwanza ya kupata cheti, iwe ya shirika la PADI au la SSI, kwa kawaida huchukua siku tatu hadi nne: kuna masomo, kuna mazoezi kwenye bwawa au maji mafupi ya ufukweni, kisha mbizi nne baharini, na ukihitimu unaruhusiwa kushuka hadi mita 18. Sehemu ya masomo mnaweza kuimaliza nyumbani kwa intaneti kabla ya safari, na nakusihi mfanye hivyo mkiamua kozi, kwani inauma kulipia chumba kinachotazama bahari kisha ushinde ndani unajibu maswali ya mtihani. Lakini mazoezi ya majini hayana njia ya mkato. Utatakiwa kuogelea mita 200 bila kushindana na saa, na kuelea dakika 10. Umesema unaogelea kidogo. Jipime mapema kwenye bwawa huko huko Iringa, wala usijipime Mafia.

Kwa hiyo mna njia mbili za kweli. Mkibaki na siku nne, acheni kozi, mchukue mbizi ya kuonja: mwalimu anakufundisha mambo machache ya msingi, anakushika mkono, na hamvuki mita 12. Moja Ijumaa, nyingine Jumamosi asubuhi, basi. Au subirini mpate siku saba, mfanye kozi bila kukimbizana, mbaki na asubuhi moja ya kupiga mbizi kwa raha zenu na siku moja ya kukaa nchi kavu. Ningekuwa mdogo wangu ndiye anayeuliza, ningemwambia achukue ile ya kwanza sasa, aone kama bahari inamkubali, kisha aweke akiba ya kozi. Ofa ya mbizi sita na kozi ndani ya siku nne msiinunue hata ikishushwa bei.

Juni nayo nina neno. Huo ni wakati wa kusi. Nje ya visiwa bahari inachafuka, na vyombo vingi hubaki ndani ya Ghuba ya Chole, inayokingwa na visiwa vya Juani, Chole na Jibondo. Kwa anayejifunza si hasara; ndani ya ghuba kuna matumbawe mazuri na utakutana na kasa, pono, chewa na mkunga anayechungulia kutoka tundu lake. Ila kama mmesikia habari za potwe na ndiye aliyewavuta, Juni mtarudi bila kumwona. Potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote duniani na asiye na neno na mtu, huja kula upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Na yeye haonwi kwa mtungi. Unavaa miwani na mrija wa kupumulia, unaogelea juu juu, unamwacha mita tatu au zaidi, humgusi. Shule zikifungwa Desemba ndipo ningewapeleka, mapema kabla hoteli hazijapandisha bei za Krismasi. Kaskazi inakuwa ndiyo kwanza inaingia na maji yana joto, hata nyuzi 28.

Kuna jambo jingine ambalo tovuti za hoteli hazilisemi na kila mvuvi wa Mafia analijua: bamvua na maji mafu. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu baada yake, maji hujaa sana na kupwa sana. Ghuba nzima inajaa na kumwagika kupitia milango michache, na mkubwa ni ule wa Kinasi. Mkondo wa pale siku ya bamvua unamchukua kama jani mtu mzima mwenye fini, yale makasia ya mpira ya miguuni. Wewe una kalenda ya Kiislamu ukutani, itumie. Tarehe 8 hadi 11 za mwezi, au 22 hadi 25, ndizo za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na ndizo za mwanafunzi. Kiongozi mzuri atawapeleka maji yanapojaa, kwa sababu yanaingiza maji meupe ya bahari kuu. Yakipwa, yanarudisha vumbi na tope la mikoko na ukimwangalia mwenzako mita nane mbele unamwona kama kivuli.

Masikio. Hapa ndipo wageni wengi wa bara wanaposhindwa, na wewe una faida usiyoijua, kwa sababu umeshapita Kitonga mara nyingi. Unajua basi linaposhuka masikio yanavyoziba, unameza mate, yanafunguka. Kazi ndiyo hiyo hiyo. Lakini shinikizo ambalo safari nzima ya Iringa hadi Dar inakuongezea kwa saa nane au kumi, maji yanakuongezea kabla hujafika mita mbili, kwa nukta chache. Kwa hiyo unaanza kusawazisha ukiwa bado juu: bana pua, puliza taratibu kama mtu anayejaribu kupenga kimya kimya, kisha rudia kila baada ya nusu mita. Usingoje maumivu. Yakija, panda kidogo, jaribu tena; yakikataa, toa ishara kwamba masikio yamekataa na mbizi imekwisha, na hakuna wa kukulaumu. Ukiwa na mafua siku hiyo usishuke kabisa. Wapo wanaomeza vidonge vya kufungua pua wapate kushuka. Dawa ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inanaswa ndani ya sikio wakati wa kupanda, na huwezi kukaa chini kusubiri sikio lifunguke.

Sheria moja ipo juu ya zote: usizuie pumzi. Hewa uliyoivuta ukiwa mita 10 inatanuka mara mbili ukifika juu. Chupa ya maji ukiijaza hewa ya mtungi kule chini, ukaifunga vizuri na kuja nayo, itavimba mikononi mwako. Pafu halina nguvu ya chupa. Vuta, toa, vuta, toa, hata ukiogopa. Na mkipanda, msipite mita 9 kwa dakika, kisha mnasimama dakika tatu mkiwa mita 5 kabla ya kutoka. Dakika hizo tatu mimi ndizo nizipendazo kuliko zote. Mwili umetulia, jua linaingia majini kwa mistari, na chini unaona mwamba wote ulikotoka.

Shemeji na pumu. Kila kituo cha maana kitawapa fomu ya afya yenye maswali ya ndiyo na hapana: pumu, moyo, kifafa, kisukari, upasuaji, mimba. Jibuni kweli. Ukijibu ndiyo, mara nyingi kituo hakiruhusiwi kukushusha majini bila saini ya daktari, na hapo ndipo likizo nyingi huharibika: watu wameshafika Mafia, wamelipa, na daktari wa kupima mapafu yuko Dar. Ombeni fomu sasa hivi kwa barua pepe, shemeji aende nayo hospitali Iringa apulize kipimo cha mapafu, daktari aandike kama anafaa. Pumu iliyokoma utotoni mara nyingi si kikwazo. Inayoamshwa na baridi au mazoezi ni kikwazo, kwa sababu hewa inayonaswa kwenye mirija iliyobana hutanuka wakati wa kupanda. Mwenye seli mundu naye asishuke kabla ya kuonana na daktari anayemfahamu. Nawe, dada, kama kuna uwezekano wa mimba, ahirisha. Na mkienda kununua dawa za kinga ya malaria, mwambieni mfamasia kwamba mtapiga mbizi, kwani mefloquine inaleta kizunguzungu na wasiwasi, na wapiga mbizi hushauriwa wasiitumie.

Hijabu haina shida yoyote. Wetisuti, vazi la mpira la wapiga mbizi, inafunika kuanzia shingoni hadi vifundoni, juu yake unaweza kuvaa nguo ya kuogelea ya stara, na kichwani kofia ya mpira ya wapiga mbizi juu ya kikofia chembamba chenye kubana. Angalizo ni moja: mpira wa miwani lazima ulale juu ya ngozi tupu pande zote. Utepe wa kitambaa ukipenya hapo, au unywele mmoja wa msuko wa mbele, maji yanaingia tone tone mbizi nzima na macho yanawaka. Ukienda kwa msusi, mwombe mistari iende nyuma na isianze chini sana kwenye paji la uso. Kabla ya kushuka, mwambie shemeji akupitishie kidole kuzunguka miwani yote.

Ukipiga simu kituoni, usianze na bei. Uliza mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi; wakisema zaidi ya wanne kwa wanaoanza, mimi ningetafuta kwingine. Uliza kama boti ina oksijeni ya dharura na nani anajua kuitumia. Uliza chemba ya shinikizo wanayoitegemea iko wapi na kama inafanya kazi mwezi huu. Anayejibu haraka na kwa jina la mahali ameshajiuliza mwenyewe. Anayesema "hapa hakuna kitu kinachotokea" mshukuru, kata simu.

Na siku yenyewe, mkishafungiwa mitungi, usione aibu kufanya kitu kimoja. Fungua hewa kidogo uinuse. Hewa safi haina harufu wala ladha. Ikinuka mafuta au moshi, mashine ya kujazia imevuta moshi wa injini, na moshi huo ukiwa chini unaua. Kisha weka mdomo wa hewa kinywani, uvute mara tatu huku unatazama sindano ya geji, kipimo cha hewa iliyomo mtungini. Ikisimama kwenye bar 200 bila kutikisika, sawa. Ikicheza kila ukivuta, mtungi haujafunguliwa wote, nawe ungekuja kuligundua hilo ukiwa mita 10. Baharini mwonyeshe kiongozi geji ikifika 100, na ipangwe urudi botini na 50.

Chini usishike kitu. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa, na sehemu za Mafia ziliumia sana. Baruti za wavuvi haramu zilikuwa zimeshavunja mengine. Yale mtakayoyaona ndani ya hifadhi, ambayo ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, ni yaliyosalimika na yaliyoota tena, kwa mwendo wa kidole kwa mwaka. Fini moja isiyo na uangalifu inavunja kazi ya miaka kumi, sawa na umri wa ndoa yenu. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa siku. Bebeni vitambulisho vya NIDA mlipie kama raia.

Imebaki siku ya nchi kavu, ambayo watu huiona kama hasara. Mafia si hasara hata kidogo. Asubuhi chukueni mashua mwende Juani mkaone magofu ya Kua, misikiti na nyumba za mawe ambazo mibuyu na mizizi imezikalia tangu mji ule uvunjwe karne ya 19. Jioni vukeni Chole, mkae chini ya mti wanamolala popo wakubwa, wenye mabawa mapana kama mkono wa mtu. Magharibi wanaamka, wanaanza kugombana, kisha wanaruka mmoja mmoja kuelekea kisiwa kikuu. Ndege itakapowainua mtaiona ghuba yote kwa juu, na mwili utakuwa umeshamaliza kutoa ulichokuja nacho kutoka chini. Fomu ya shemeji iombeni wiki hii, maana miadi ya daktari wa mapafu huchukua muda.